Vigawo, Vigawe na Haki ya Mrithi



  

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wetu, mwaka huu tumeona tuandike juu ya somo ambalo wengi wa watoto wetu hulichukia shuleni, na wakifika madrasa hudhani kuwa wameshalikimbia. Somo lenyewe ni hesabu. Hatukusudii hesabu zote, bali mlango wake mmoja mdogo: vigawo, vigawe na namba tasa.

Vijana wetu wa hapa Mlabani huja madrasa alasiri wakitokea shule, wengine wakiwa wamepakiana wawili wawili kwenye baiskeli, na madaftari ya shule yakiwa mfuko mmoja na juzuu. Mara nyingi wamekuwa wakituuliza, "Ustadhi, hii KDS itatusaidia nini maishani?" Swali hili si la utovu wa adabu. Mtoto ana haki ya kujua kwa nini anachoshwa. Makala haya ni jibu letu kwao, na tunawaomba wazazi nao wakae walisome pamoja na watoto wao.

KUKUMBUSHANA YA SHULENI

Kigawo cha namba ni namba nzima inayoigawanya bila kubakisha kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Kigawe ni kinyume chake, ni kile unachokipata ukizidisha namba hiyo kwa namba nzima. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48, na kuendelea bila mwisho. Kwa hiyo vigawo vya namba huhesabika vikaisha, lakini vigawe havina ukomo.

Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Nazo ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na nyinginezo. Moja si namba tasa, kwa sababu ina kigawo kimoja tu. Na miongoni mwa namba shufwa, tasa ni 2 peke yake.

Sisi huwafundisha wanafunzi jambo hili kwa safu za sala. Wakiwa maamuma 24, wanaweza kusimama safu mbili za watu 12, au safu tatu za watu 8, au safu nne za watu 6, na kila safu ikalingana na mwenziwe. Sasa waondoke saba, wabaki 17. Panga utakavyo: safu mbili hazilingani, tatu hazilingani, nne hazilingani. Ama wasimame wote safu moja, ama kila mtu asimame peke yake nyuma ya mwenziwe. Hiyo ndiyo namba tasa: haikubali kupangwa safu sawa. Na tunawakumbusha kuwa rakaa za faradhi za siku nzima, mbili za Alfajiri, nne za Adhuhuri, nne za Alasiri, tatu za Magharibi na nne za Isha, nazo ni 17. Hatusemi kuwa hapo pana siri yoyote. Tunasema tu kwamba ni njia nzuri ya kutoisahau namba hiyo, kwani tutakutana nayo tena hivi punde.

MAFUNGU SITA NA MISINGI SABA

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, Mwenyezi Mungu ameyataja mafungu ya warithi. Mafungu hayo ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Msomaji atazame: haya yote ni sehemu, zilezile zinazofundishwa shuleni. Thumuni ni moja ya nane, na sudusi ni moja ya sita. Asili zake ni 2, 3, 4, 6 na 8.

Shuleni mwalimu husema kuwa huwezi kujumlisha sehemu zenye asili mbalimbali mpaka uzitafutie Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. Wanazuoni wa faraidhi nao husema kuwa huwezi kugawa mirathi mpaka uipate asili ya mas-ala. Hayo ni mamoja. Hata neno "asili" ni lilelile.

Na asili hizo za mas-ala zilizo mashuhuri ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Tulipokuwa chuoni tukisomea stashahada tulizihifadhi kwa moyo, kama tulivyohifadhi mengineyo. Ni baadaye, tukiwa tunafundisha vigawo kwenye ubao wa madrasa yetu, ndipo tulipoona kitu kilichotufurahisha. Andika vigawo vya 24: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 24. Ondoa ile 1. Zilizobaki ni misingi saba ya faraidhi, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Mwanafunzi anayejua kutafuta vigawo vya 24 ameshahifadhi misingi saba bila ya kujua.

Ili kuipata asili ya mas-ala, wanazuoni huzitazama namba mbili na kuuliza zina uhusiano gani. Mahusiano ni manne. La kwanza ni tamaathul, namba kulingana, kama 3 na 3; hapo unachukua moja. La pili ni tadaakhul, ndogo kuingia ndani ya kubwa, kama 3 na 6. Hapo unachukua kubwa. La tatu ni tawaafuq, namba kushirikiana kigawo, kama 6 na 8 zinazoshirikiana 2. Hapo unachukua nusu ya moja ukazidisha kwa nyingine: 3 mara 8, unapata 24. La nne ni tabaayun, namba kutoshirikiana kigawo chochote isipokuwa 1, kama 3 na 8. Hapo unazidisha zote mbili. Mwanafunzi wa darasa la tano akisoma maneno haya atasema, "Mbona hii ni KKS na KDS?" Naam, ndiyo hiyo hiyo.

MAFUNGU MAWILI YALIYOBAKI

Sasa tueleze jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Wenyewe wameturidhia tulieleze, na sisi tarakimu tumezibadilisha na majina hatuyataji.

Mzee mmoja alifariki kabla ya mavuno. Aliacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mtoto mmoja wa kike. Binti huyo ni mwanafunzi wetu. Baada ya gharama za mazishi na kulipwa madeni, nayo ni mambo yanayotangulia mirathi, kilibaki shamba la mpunga bondeni na fedha shilingi 7,200,000. Wasia hakuacha. Mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshaingia ndani, ukoo ulikaa, nasi tukaitwa.

Mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Mama ana sudusi, kwa sababu hiyo hiyo. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Asili ya 8 na 6 ni 24. Mke akapata mafungu 3, mama mafungu 4, yakabaki 17. Mpaka hapo wote waliafiki.

Watoto wanahesabiwa vichwa vitatu: kijana vichwa viwili, binti kichwa kimoja. Baba mkubwa wa watoto, aliyekuwa ameshika kalamu, akagawa 17 kwa tatu. Kila kichwa kikapata mafungu matano, yakabaki mawili. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, haya mawili yaliyobaki tumpe kijana. Yeye ndiye atakayelihudumia shamba na bibi yake." Wazee kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Binti alikuwa amekaa na mama yake mlangoni, hakusema neno.

Msomaji, tupime jambo hili kwa shilingi. Fungu moja katika 24 lilikuwa shilingi 300,000. Mawili ni 600,000. Kwa mgao ule binti angepata mafungu matano, yaani 1,500,000. Haki yake halisi ni 1,700,000. Shilingi 200,000 za yatima zingepotea mchana kweupe, mbele ya watu wema, baada ya kusomwa dua.

Tunasisitiza kuwa baba mkubwa yule hakuwa dhalimu. Ni mtu wa msikitini, na ndiye aliyesimamia mazishi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakukusudia kumla yatima. Alichokikosa ni kigawe tu. Alifika kwenye mabaki mawili na hakujua kuwa mabaki hayo yana wenyewe.

Tukamwambia, "Baba, haya mawili yana wenyewe. Tuirudie hesabu." Kwa kuwa 17 na 3 hazishirikiani kigawo, tukazidisha 24 kwa 3, tukapata 72. Katika 72, mke ana 9, mama ana 12, na watoto wana 51. Gawa 51 kwa tatu, unapata 17 kamili. Kijana akapata 34 na binti 17. Jumlisha: 9 na 12 na 34 na 17, ni 72. Hakuna lililobaki la kugombewa wala la kuoneana huruma. Kwa fedha, mke alipata 900,000, bibi 1,200,000, kijana 3,400,000 na binti 1,700,000.

Shamba nalo lilikwenda kwa hesabu hiyo hiyo. Tufanye kuwa upande unaoelekea njia una mita 144. Kila fungu katika 72 likawa mita 2 za upande huo, na kamba ikavutwa: mita 18 za mke, 24 za bibi, 68 za kijana na 34 za binti. Lakini sisi wa bondeni tunajua kuwa ardhi ya karibu na mto Kilombero si sawa na ya juu. Kwa hiyo vipande vikatwe kutoka juu hadi chini, kila mmoja apate penye maji na pakavu, au warithi wakubaliane kwa thamani. Hesabu hutoa kiasi. Uadilifu wa mahali ni juu ya wagawaji.

Baba mkubwa alipoiona jumla imetimia 72, aliifuta karatasi yake ya mwanzo na kuiandika upya kwa mkono wake.

KWA NINI 17 ILISUMBUA

Wanafunzi wakauliza darasani: je, ilikuwa bahati mbaya? Tukakaa nao tukazitafuta hali zote ambazo marehemu ameacha mtoto wa kiume, pamoja na mume au mke, na wazazi, ama wapo ama hawapo. Tukatazama ni mangapi yanayobakia watoto.

Akiwepo mume peke yake pamoja na watoto, asili ni 4, yanabaki 3. Mume na mzazi mmoja, asili 12, yanabaki 7. Mume na wazazi wawili, asili 12, yanabaki 5. Mke peke yake, asili 8, yanabaki 7. Mke na mzazi mmoja, asili 24, yanabaki 17. Mke na wazazi wawili, asili 24, yanabaki 13. Mzazi mmoja bila mume wala mke, asili 6, yanabaki 5. Wazazi wawili bila mume wala mke, asili 6, yanabaki 4. Na wakiwepo watoto peke yao, wanachukua mali yote.

Tazama mabaki hayo: 3, 7, 5, 7, 17, 13, 5, 4. Isipokuwa 4 ya mwisho, zote ni namba tasa! Maana yake ni kwamba mara nyingi mabaki ya watoto hayatakubali kugawanyika kwa vichwa vyao. Kwa hiyo anayegawa mirathi asishangae kukuta mabaki, wala asione kuwa ni ruhusa ya kukadiria. Ajue ni kawaida ya namba hizo, na dawa yake ni kuzidisha.

Na ile 4 inatufundisha upande wa pili. Marehemu akiacha baba, mama, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike, asili ni 6, yanabaki 4, na vichwa ni 6. Nne na sita zinashirikiana 2. Basi huna haja ya kuzidisha kwa 6. Zidisha kwa nusu yake, yaani 3. Asili inakuwa 18: baba 3, mama 3, kila mwanamume 4, kila mwanamke 2. Ukizidisha kwa 6 hujadhulumu mtu, ila umejitwisha hesabu kubwa bure.

JINSI YA KUPIMA NAMBA TASA

Vigawo huja jozi jozi. Kwa 24, jozi ni 1 na 24, 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6. Baada ya 4 jozi zinaanza kujirudia kinyume, 6 na 4, 8 na 3. Kwa hiyo ukitaka kujua kama namba ni tasa, huna haja ya kuijaribu kwa kila namba iliyo chini yake. Jaribu kwa namba tasa tu, 2, 3, 5, 7 na kuendelea, na usimame pale namba tasa ikizidishwa kwa yenyewe inapoipita ile unayoipima.

Mfano ni 17. Haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, na 5 mara 5 ni 25, imeshaipita. Basi 17 ni tasa. Mfano mwingine ni 97: jaribu 2, 3, 5 na 7, zote zinakataa, 11 mara 11 ni 121. Basi 97 ni tasa. Lakini jihadhari na namba zenye sura ya utasa. Wengi huiona 51 wakasema ni tasa. Jumlisha tarakimu zake: 5 na 1 ni 6, nayo 6 inagawanyika kwa 3, basi 51 nayo inagawanyika kwa 3. Na 91 huwahadaa hata wakubwa. Ni 7 mara 13.

Elimu hii ni ya kale. Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyefanya kazi Iskandaria ya Misri zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), anajulikana kwa njia ya kuzichekecha namba: unaandika namba mfululizo, unafuta vigawe vya 2 ukiiacha 2 yenyewe, kisha vya 3, kisha vya 5, na zinazosalia ni tasa, kama mchele unavyosalia kwenye ungo pumba zikishapepetwa. Karibu zaidi na sisi, mwaka 1950 mtafiti Jean de Heinzelin alichimbua mfupa huko Ishango, kando ya Ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Mfupa huo unakadiriwa kuwa na miaka takriban 20,000, na sasa umehifadhiwa Brussels. Upande mmoja una mikato iliyopangwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu hawakubaliani kama aliyeikata alikusudia hivyo, lakini mikato ipo.

Na Waislamu hawakuitenga elimu hii na dini yao. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika kitabu chake cha al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Aliyetoa jina la aljebra inayosomwa sekondari alikuwa akishughulika na haki za warithi.

KWENU WANAFUNZI NA WAZAZI

Wapendwa wanafunzi, baba mkubwa wa leo ni mtoto wa jana aliyekaa kwenye mkeka kama ninyi. Na ninyi mtakuwa wajomba, mashangazi na wasimamizi wa mirathi. Siku hiyo kalamu itakapokuwa mikononi mwenu, mabaki yatatokea, na watu watasema, "Tukadirie tu."

Kwa hiyo tunawaachia zoezi moja, mlifanye nyumbani na wazazi wenu. Mama mmoja amefariki, ameacha mume, baba, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mume ana robo, kila mzazi ana sudusi, kinachobaki ni cha watoto. Tafuteni asili, tazameni mabaki, hesabuni vichwa, kisha zidisheni. Mkipata 48, na kila binti akapata mafungu 5, mmefanya sawa. Mkipata jumla isiyotimia, msilale nayo. Anzeni upya, kwani lililopungua lina mwenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa waadilifu katika tunayoyagawa.